Mazoezi ya kriketi kwa wanawake wa ridhaa: tupeane uzoefu

Kocha_Jioni
Wadau, salaam. Nasimamia timu ya wanawake wa ridhaa. Wote wana kazi, wengine wana watoto, na muda wetu ni ule wa jioni kabla giza halijaingia. Kinachonikera ni nyavu, kile kizimba cha kufanyia mazoezi ya kupiga: mmoja anapiga, wawili wanarusha, waliobaki wanapiga soga wakingoja zamu. Mtu anaondoka hajagusa mpira vya kutosha. Mlionitangulia mnapangaje? Nataka mnachofanya wenyewe uwanjani, ya vitabuni nimeshayasoma.

MamaWiketi
Sisi foleni tuliiua kwa mechi ndogo. Wapigaji wanaingia wawili wawili na kila jozi inakaa ova 4 (ova moja ni mipira 6) hata iweje. Ukitolewa hutoki, timu inakatwa mikimbio 5 tu, yaani alama 5. Hapo mgeni anapata mipira sawa na mkongwe, na bado ana sababu ya kulinda wiketi yake, vile vijiti vilivyo nyuma yake. Kabla ya kuanza nawapa hali ya mchezo: "Zimebaki ova 4, tunahitaji mikimbio 24." Utashangaa watu wanavyoanza kuitana wenyewe, "Njoo!", "Subiri!", "Rudi!" Kukimbia kati ya wiketi hakufundishiki mtu akiwa peke yake ndani ya wavu. Na wadakaji wote wana kazi, hakuna wa kupiga soga.

Spini_Taratibu
Dada, kabla ya yote angalia mpira wenyewe. Wa wanawake una uzito wa gramu 140 hadi 151, wa wanaume ni 156 hadi 163. Timu nyingi za ridhaa hurithi mipira iliyochakaa ya wanaume, halafu watu wanashangaa kwa nini dada hawa wanaogopa kudaka.

Kwangu kudaka kunaanza na mpira wa tenisi, karibu karibu, hadi hofu iishe. Mpira ukija juu ya kifua vidole vitazame juu, ukija chini ya kiuno vitazame chini, na mikono irudi nyuma kidogo pamoja na mpira. Wengi wanaoumia vidole wanaunyooshea mpira vidole kana kwamba wanausukuma urudi ulikotoka. Ngumu zaidi ni ule wa usawa wa tumbo: hapo miguu ndiyo iamue mapema, usogee upande au upige goti.

Mrushaji_Mstaafu
Warushaji wageni msiwaanzishe kwenye mita 20 kamili. Waanze kwenye 16 hivi, wamesimama bila kukimbia, ili mkono upite karibu na sikio. Kiwiko kikinyooka mkono ukishafika usawa wa bega, huko ni kutupa, ni kosa, na refa hatakuonea haya. Mrusho ukishakaa sawa ndipo unaongeza hatua. Weka koni mahali unapotaka mpira udunde; kumwambia mtu "rusha vizuri" hakumsaidii kitu. Wenye kasi wahesabiwe mipira. Ova 6 kwa jioni zinatosha kwa mtu aliyeshinda amekaa ofisini, mgongo wa chini hauna mzaha.

Pedi_Kubwa
Naongezea dogo: vaeni pedi mnapofanya mazoezi ya kukimbia! Nyingi tunazogawiwa zimekatwa kwa miguu ya wanaume, zinagongana magotini. Bora ulijue hilo mazoezini. Sidiria ya michezo nayo ni kifaa kama glavu, makocha wa kiume msione aibu kuitaja kwenye orodha.

Nyavu_Bado
Mimi nazitetea nyavu kidogo. Mpigaji anayerekebisha pigo moja anahitaji kutupiwa mpira ule ule, pale pale, tena na tena. Mechi ndogo haikupi hilo. Ila wawe wawili tu, kwa zamu fupi, wengine wakiendelea uwanjani. Na mpigaji ataje wadakaji wake wamesimama wapi kabla mpira haujaja. La sivyo kila pigo ndani ya wavu linaonekana la mikimbio 4, kana kwamba mpira umefika mpakani.

Kocha_Jioni
Asanteni sana. Swali moja: yule anayewazidi wenzake mbali, kwenye mechi ndogo si atachoka na wageni?

MamaWiketi
Mpe masharti yake peke yake. Wangu haruhusiwi kupiga mpira hewani, na mikimbio inahesabiwa upande wa miguuni pekee, yaani ule ulio nyuma ya mgongo wake anaposimama kupiga. Mara ya kwanza alinuna. Siku hizi akimaliza zamu ananidai sharti gumu zaidi.