Ghorofa ya chini ya nyumba za bei nafuu: maduka au vyumba?

NguzoTatu: Wakuu, nasimamia jengo la ghorofa 5. Juu ni nyumba za watu wa kipato cha chini, huku chini nimeachiwa niamue mwenyewe. Niweke maduka tu au vyumba vya kuishi? Usingizi umeniisha.

Kifusi: Maduka. Jengo lisilo na duka chini linafanana na ukuta wa jela.

MpangajiWaJuu: Nilikaa juu ya mgahawa miaka minne. Bomba la moshi liliishia chini ya dirisha langu, mashati yananuka mafuta ya kukaangia hadi kazini. Siku mgahawa umefungwa, panya wakahamia kwangu.

BibiRamani: Dari ya chini ina kimo gani? Duka linataka kama mita 4. Njia ya moshi ipande hadi paani na ipangwe sasa, la sivyo baadaye utatoboa sebule za watu.

NguzoTatu: Dari itatosha. Swali ni maduka au vyumba.

BibiRamani: Mita ngapi?

NguzoTatu: 2.7. Slabu, yaani zege la dari, ilimwagwa wiki iliyopita. Msinirukie jamani, ruzuku ni ya nyumba tu, haigusi maduka. Kila sentimita ya kimo ningeilipia wapi?

Kifusi: Sasa umekuja kuomba ushauri au rambirambi?

MzeeTimazi: Vijana mnapenda zege kuliko kuuliza. Kuuliza si ujinga.

Darubini: Subirini kwanza. Mwezi jana huyuhuyu aliandika jengo lina ghorofa 8 na msingi haujachimbwa. Huu ni mtihani wa chuo, tunamfanyia bure!

NguzoTatu: Ule ni mradi mwingine.

Darubini: Tupia picha ya slabu basi.

NguzoTatu: Simu yangu kamera imekufa.

Kifusi: 😂😂

BibiRamani: Mtihani au kweli, kwa 2.7 sahau mgahawa. Vyumba vielekee uani, wapita njia wasichungulie kitanda cha mtu. Chumba cha kufulia kiweke mbele, dirisha kubwa: anayesubiri nguo zake ndiye mlinzi wa mlango. Kona mpe kinyozi au fundi cherehani, hawana moshi. Na wakazi wawe na mlango wao, usipite kwenye mapipa ya taka.

NguzoTatu: Shukrani mama. Ila kona nimeshamwahidi shemeji. Anafungua baa.

Kifusi: Shemeji wa mradi upi?