Maktaba ya babu: boriti saba zimeoza, na ami anataka jipsamu

Mjukuu_wa_Malindi

Assalaam alaykum wanabaraza. Nina chumba kimoja Malindi, ndani ya Mji Mkongwe, na ugomvi mmoja.

Chumba ni maktaba ya babu yangu mzaa baba. Urefu mita 8, upana mita 2.6 tu, maana katika nyumba zetu hizi boriti ndiyo inayoamua chumba kiwe na upana gani. Tulipokuwa watoto tukikiita "treni". Kuta mbili ndefu zina mashubaka ya vitabu yenye vilango vya mbao, na juu yake, pale ukuta unapokutana na dari, umezunguka ukanda wa nakshi wa msaji: waridi, mnyororo, waridi, mnyororo. Dari ni boriti 23 za mkoko. Nimezihesabu juzi nikiwa nimelala chali kwenye jamvi, vilevile nilivyokuwa nikizihesabu nikisubiri babu amalize darsa.

Sasa boriti saba za upande wa kibla zimeoza. Niliichoma moja kwa bisibisi, ikazama mpaka mpinini. Ukanda wa nakshi umeliwa na mchwa kiasi cha mita moja na nusu, limebaki ganda la rangi tu. Na rangi yenyewe! Kuna mtu aliupaka ukanda wote rangi ya mafuta ya kijani, ile ya kuta za skuli, waridi zikawa kama maandazi yaliyoota kuvu.

Ami anasema tusihangaike: dari yote ifunikwe kwa jipsamu, zitiwe taa za kuzama, nakshi ing'olewe iwekwe nyengine ya kukatwa kwa mashine. Anayelipa ni yeye, ndiyo maana sauti yake kubwa. Mie sitaki, lakini "sitaki" si hoja mbele ya mwenye fedha. Nipeni hoja. Na mnieleze boriti hubadilishwaje bila ya kuiangusha nyumba, na rangi ya kijani inatokaje.

Patasi_na_Randa

Wa alaykum salaam mwanangu. Kwanza nijibu: juu ya chumba hicho kuna nini?

Mjukuu_wa_Malindi

Bafu la ami. Alilijenga mwaka 1996. Sakafu ya saruji na vigae.

Patasi_na_Randa

Nilijua. Basi dari yako haiumwi, inayoumwa ni sakafu ya juu. Sakafu ya chokaa ikirowa hunyonya, kisha hukauka. Saruji huyafungia maji, nayo hutafuta pa kutokea, yanashuka ukutani mpaka kwenye ncha za boriti zilizomo ndani ya jiwe. Ncha huoza kabla ya katikati. Mchwa hakuanza yeye, amefuata unyevu.

Hoja ya kumpelekea ami ni hii: jipsamu itaificha dari, haitaizuia kuoza. Hutaona ufa wala hutaona njia ya mchwa, utakuja kujua siku boriti inakutua kichwani. Beit al-Ajaib, jumba la 1883 la hapo Mji Mkongwe, upande mmoja ulianguka tarehe 25 Desemba 2020 na mafundi wako kazini. Nyumba hizi zinataka kutazamwa kila siku.

Kazi yenyewe: vitabu vitoke vyote, hata vile vya upande mzima. Ukanda wa nakshi ushushwe kipande kipande, kila kimoja ukipe namba nyuma kwa penseli. Kisha egemeza dari kwa mbao pana na nguzo kabla hujagusa boriti. Badilisha moja moja, wala usitoe mbili zinazopakana. Tundu la upande mmoja lichimbwe ndani zaidi, boriti mpya isukumwe humo, halafu irudishwe nyuma ikae katika tundu la pili. Ncha zizibwe kwa chokaa. Nikisikia umetia saruji sikujibu tena. Boriti nunua kwa mwenye kibali cha mikoko, na kabla ya yote pita Mamlaka ya Mji Mkongwe uombe ruhusa.

Nahodha_Mstaafu

Nakshi ukishaisafisha ipake sifa, yale mafuta ya papa. Majahazi yetu yamekaa miaka kwa sifa.

Bi_Nakshi

Kaka yangu, jahazi linapepewa na bahari nzima. Huyu atakuwa anasoma fiqhi chumbani huku ananuka mafuta ya papa.

Mjukuu, rangi kuukuu za mafuta mara nyingi zina madini ya risasi. Usizichome kwa moto wala usizipige msasa mkavu, vumbi lake ni sumu, watoto wasikaribie. Kostiki soda pia iache, inaivimbisha mbao na kuitia weusi. Chukua dawa ya kulainishia rangi, paka, funika kwa nailoni, subiri, kisha kwangua kwa kijiti cha mwanzi kilichochongwa ncha. Patasi itakula mistari ya fundi. Anza na shubiri moja mahali pasipoonekana. Mwisho, mafuta ya kitani, kidogo sana, ufute yanayobaki.

Ile mita moja na nusu, chonga sura ileile kwa kina kilekile, kwa msaji. Itakuwa nyeupe kuliko nyengine, na iwe hivyo, usiipake rangi ya uzee. Ukiwa na hamu ya kubuni, buni kwenye rafu mpya, na hizo ziwe mbali na ukuta vidole viwili hewa ipite.

Mjukuu_wa_Malindi

Narudi baada ya wiki tatu. Nilimpa ami bisibisi mkononi, nikamwambia achome mwenyewe. Alichoma boriti mbili, ya tatu hakuigusa. Bafu limevunjwa, na bomba la maji machafu tumelikuta limepasuka. Sasa anaoga kwangu na kulalamika kila asubuhi. Taa anazitaka bado, tumekubaliana ziwe za ukutani.

Lakini nina jambo. Nilipokigeuza kipande cha kwanza cha ukanda nikiandike namba, nimeikuta namba imeshaandikwa, tarakimu za Kiarabu, kwa penseli. Vyote vinazo. Kumbe cha nne na cha tano vilikuwa vimebadilishana nafasi, ndiyo maana tangu utoto wangu pana waridi mbili zimefuatana bila ya mnyororo kati yake, juu ya kiti cha babu. Mama anasema babu mwenyewe alivishusha zamani akavirudisha. Nifuate namba, au niviache alivyoviweka yeye?

Patasi_na_Randa

Fuata namba. Fundi alijua kazi yake.

Bi_Nakshi

Viache.