Mrejesho: ile sheria ya kuangusha silaha

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kama ni haki msimamizi wa mchezo wetu wa Dungeons & Dragons (mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika) kuwaangushia wahusika wetu silaha kila tunaposhambulia na dadu ya pande 20 ikatoa 1. Mlinishauri nimfuate pembeni, nisimbane mbele ya wenzangu.

Nilikwenda na hesabu. Mpiganaji wangu hushambulia mara mbili kwa zamu, kwa hiyo balaa linamnyemelea karibu 10% ya zamu zake, wakati mchawi anayerusha mpira wa moto hata hiyo dadu haigusi! Msimamizi akacheka, kumbe hakuwahi kupiga hesabu. Sasa 1 ni kukosa tu, kama kanuni za kitabuni.

Wawili wamenuna, walizipenda zile vurugu. Kampeni ijayo, yaani hadithi mpya tutakayoicheza, tutakubaliana sheria kabla ya kuunda wahusika.