Mafundi wa trela za kulala Malindi, maji yaliyo chini ya godoro si mkojo wa mtoto!

Nimenyamaza vya kutosha. Uzi huu ni wa karakana za hapa Malindi zinazokarabati trela za kulala, zile za kukunja: ukifika unakokwenda unainua paa, unavuta kitanda mbele na kitanda nyuma, turubai linasimama, watu wanalala. Ni wa wauza magodoro vilevile. Mnatuharibia mali, mnawaumiza watoto wetu vifua, na tukija kulalamika mnatuvunjia heshima.

Trela yangu naikodisha kwa familia zinazokwenda Tsavo Mashariki kupitia lango la Sala, na wengine huipandisha hadi Naivasha. Ilipoingia nchini ilikuwa na vitanda vya chaga, mbao nyembamba zilizoachana kiasi cha vidole viwili, chini yake wazi. Mbao zikachoka, nikaipeleka karakana, nikaomba kitu kimoja tu: chaga mpya. Nilichokabidhiwa ni plaiwudi nzima, imepigwa vanishi juu na chini hadi inang'aa, na juu yake magodoro ya sponji yenye kitambaa upande wa kulalia na plastiki nene upande wa chini na ubavuni. Hakuna tundu popote. Nikauliza chaga ziko wapi. "Mzee wangu, chaga ni mambo ya kale. Hii haipitishi maji."

Ni kweli haipitishi, na hapo ndipo balaa lilipoanzia, kwa sababu maji yenyewe yanatoka juu, kwa watu waliolala.

Likizo iliyopita dadangu na mumewe waliichukua wakaenda Naivasha na mpwa wangu, kijana wa darasa la pili. Waliporudi magodoro yamelowa chini na trela nzima inanuka uvundo. Tukaenda karakana sote, mtoto kashikwa mkono na mamake. Yule mkubwa wa kazi hakuinua hata godoro. Alimtazama mtoto, akasema mbele ya vijana wake wote, "Mama, hapa mtoto amekojoa, mtafutie dawa." Vijana wakacheka. Mpwa wangu akajificha nyuma ya mamake, na njia nzima kurudi nyumbani hakusema neno.

Nilipofika nikatoa magodoro nje na kufungua zipu. Sponji upande wa chini ilikuwa baridi, nzito. Nilipoibana maji yakanitiririka hadi kwenye kiwiko. Hayana rangi, hayana harufu ya mkojo. Kwenye plastiki, kwa ndani, matone yamejipanga, mengi zaidi palipolala mabega na nyonga, na miguuni machache. Pembeni mwa mshono vitone vyeusi vya ukungu vimeshaanza. Na godoro la wazazi lilikuwa limelowa kuliko la mtoto! Sasa niambieni, shemeji yangu naye alikojoa?

Mtu akilala usiku kucha anatoa maji kwa pumzi na kwa ngozi, hata asipotokwa na jasho la kuonekana. Watu wazima wawili hadi alfajiri ni karibu nusu lita. Sehemu ya maji hayo huondoka na hewa ikiwa hewa ina njia. Sehemu nyingine huteremka kama mvuke ndani ya sponji, kwa sababu juu kuna joto la mwili na chini kuna ubaridi. Mvuke ukifika kwenye kitu baridi usichoweza kukipenya, hugeuka maji palepale. Vitanda vya trela hizi vikishavutwa nje vinaning'inia hewani, chini yake hakuna kitu ila upepo wa usiku. Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya bahari, na usiku joto linaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Plaiwudi nyembamba yenye upepo huo chini yake itakosaje kutoka maji?

Na msidhani hapa pwani tumesalimika kwa kuwa hakuna baridi. Hewa yetu yenyewe imeshiba maji. Hewa yenye joto la nyuzi 27 na unyevu wa asilimia 80, ambayo ni hali ya kawaida kabisa Malindi, huanza kutoa maji ikigusa kitu chenye nyuzi 23 hivi. Nyuzi nne tu za tofauti! Chini ya godoro, usiku wa mvua za Mei, nyuzi nne hazikosekani. Kisha mchana hakuna kukauka, kwa sababu hewa ya nje nayo imelowa. Ndiyo maana hapa ukungu hauhitaji mualiko: kitu kikibaki na maji siku moja au mbili, umeota.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hili tulilijua sisi kabla ya hao wenye trela. Kitanda cha kamba cha mwambao huu, kuanzia Lamu hadi huku, kiliwambwa kwa kamba za makumbi, hewa inapita chini na juu, na godoro lilikuwa la sufi ambalo asubuhi linatolewa nje kuanikwa. Hakuna bibi yeyote wa Shela au wa Mambrui ambaye angekubali kulaza mjukuu wake juu ya sponji iliyofungwa plastiki juu ya ubao uliopakwa vanishi. Mafundi wa leo ni wajukuu wa watu waliokuwa wakiwamba vitanda hivyo, wana keekee na misumeno ya umeme, halafu wanatuambia chaga ni mambo ya kale.

Wauza magodoro nao wana mashtaka yao. Nani aliwafundisha kumwambia kila mteja asitoe nailoni "ili godoro lisichafuke"? Mama ananunua godoro kwa pesa za kuchanga, analipeleka nyumbani na nailoni yake, mtoto analala juu yake miaka na miaka anatokwa na jasho, chini kunaoza. Halafu mtoto akikohoa anaambiwa ni vumbi. Mwenye pumu akilala juu ya ukungu kila usiku mnajua anavyoamka? Kama mteja ana mtoto mdogo au mgonjwa anayehitaji kinga ya mkojo, muuzieni kitambaa cha kinga cha juu, kinachotoka, kinachofuliwa na kuanikwa. Upande wa chini wa godoro uacheni upumue.

Nilivyouliza huku na huku nikapewa kila aina ya ushauri, na mwingi ni wa kupoteza pesa. Tandika nailoni kati ya godoro na ubao: hiyo ni kuongeza kitu kingine kisichopitisha, maji yatatua hapo badala ya kwenye ubao, na godoro litalowa vilevile. Tandika mkeka wa miyaa: mkeka ukibanwa na godoro na watu juu yake haubakishi nafasi ya hewa, na ni majani, utakuwa wa kwanza kuota ukungu. Weka mkaa, weka vile vifuko vya chembechembe za kunyonya unyevu: ndani ya hema lenye kuta za turubai, Malindi, mwezi wa Mei? Utanyonya unyevu wa Bahari Hindi nzima na hautaisha. Toboa matundu kwenye plaiwudi: hili lina ukweli nusu. Matundu yanasaidia pale penye tundu, lakini baina ya tundu na tundu godoro bado limelalia ubao, na hapo ndipo panapolowa. Tena Tsavo vumbi jekundu linapanda humo humo, na mbu hali kadhalika, usipoyaziba kwa neti.

Linalotakiwa ni nafasi, uwazi wa hewa kati ya godoro na kile kilicho chini yake, na hewa hiyo iwe na pa kuingilia na pa kutokea. Chaga zinafanya kazi hiyo. Kama fundi anaona lazima plaiwudi ibaki kwa ajili ya uimara, basi apigilie juu yake vipande vya mbao vya unene wa inchi moja, vyenye nafasi, na asivifikishe hadi ukutani, aache kando pawe wazi ili hewa izunguke. Upo pia mkeka mnene wa nyuzi ngumu za plastiki zilizosokotana, ambao haubonyei wala haulali bapa ukilaliwa, unaotumiwa kwenye mashua za kulala. Huo unatandikwa chini ya godoro na unatosha. Kwa wanaokwenda bara kwenye baridi, chini ya plaiwudi kwa nje kuwekwe bodi ya povu gumu ili ubao usipoe haraka. Hakuna hata moja kati ya hayo linalomshinda seremala wa Malindi.

Na sisi tunaotumia, madirisha ya neti yafunguliwe pande mbili usiku, hata kama kunanyesha, kidogo tu, upepo uingie huku utokee kule. Najua watu wanafunga kila zipu wakihisi baridi. Ukifunga kila kitu, pumzi zenu zote zinabaki humo.

Jiko la gesi nalo litoke nje. Watu hawaamini nikiwaambia, lakini gesi ya kupikia inapoungua inazaa maji: kilo moja ya gesi hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya mvuke wa maji. Ukichemshia chai ndani ya hema lililofungwa, huo mvuke wa sufuria ni sehemu tu, mwingine unatoka kwenye moto wenyewe. Tena moto ndani ya hema lililofungwa unaua watu kwa hewa ya sumu. Pikieni nje.

Kuna pia la chumvi, na hili ni letu watu wa ufukweni. Wengi wanaegesha Mayungu au Watamu, watoto wanatoka baharini moja kwa moja wanapanda kitandani. Chumvi hubaki kwenye kitambaa, na chumvi huvuta maji kutoka hewani yenyewe ikiwa unyevu umepita asilimia 75. Mnaona chumvi ya mezani inavyolowa wakati wa kusi, sivyo? Godoro lililokolea chumvi halikauki hata ulianike vipi, linakauka saa sita mchana, magharibi limelowa tena. Kitambaa kifuliwe kwa maji ya mfereji yasiyo na chumvi, na watoto waoge kabla ya kulala.

Asubuhi magodoro yasimamishwe wima kabla ya kufunga, japo kwa muda wa chai. Trela hizi hukunjwa magodoro yakiwa ndani, na ukizikunja na umande kisha ukaziacha juani siku mbili, ndani kunakuwa joto na maji kwa pamoja. Mimi sasa nimeliandika kwenye mkataba wa kukodisha: ikirudi imekunjwa mbichi, inafunguliwa mbele ya mteja siku hiyohiyo. Sponji iliyokwisha kuota ukungu ndani kwa ndani msidanganyane kuiosha kwa klorini. Dawa inasafisha uso, ndani kunabaki vilevile. Itupwe.

Sasa kwa karakana iliyonitengenezea. Sitaitaja hapa, lakini mnajijua. Nimeleta picha, nimeleta lile godoro lenyewe, na bado mnasema "hakuna mteja mwingine aliyelalamika". Nataka mambo mawili. Mniwekee chaga nilizoziomba na kuzilipia, au mnirudishie pesa za vitanda na magodoro. Na yule mkubwa wa kazi aje nyumbani kwa dadangu amwambie mpwa wangu, mbele ya wale vijana waliocheka, kwamba maji yale hayakuwa yake. La pili nalitaka kuliko la kwanza.

Wengine wenye trela zilizokarabatiwa hivi, usiku wa leo mkilala inueni godoro alfajiri kabla jua halijapiga, mpapase ubao kwa kiganja, na kama godoro lina plastiki chini, fungueni zipu mpapase kwa ndani. Mkikuta maji, pigeni picha mniwekee hapa pamoja na aina ya ubao na kitambaa cha chini. Nataka tukaingie karakana kwa pamoja, wasiseme tena ni mtu mmoja.

NYONGEZA: Aliyeuliza kama kupaka rangi ya mafuta badala ya vanishi kutasaidia, hapana ndugu yangu. Rangi hiyo nayo haipitishi, maji yatakaa juu yake vilevile. Na dada aliyeandika kwamba kitanda chake cha nyumbani, Barani, kile cha boksi chenye droo, kinafanya hivihivi na anamshuku mtoto wake: ndiyo, ni ugonjwa uleule. Vuta kitanda kiachane na ukuta, toa ile bodi nzima chini ya godoro, fundi akuwekee mbao zilizoachana. Hata huyo mtoto wako usimpige kwanza. Inua godoro uangalie na upande wako.