Tupeane uzoefu: kutenganisha mbegu za boga na nyuzi zake

#1
Wadau, naanza na kukata, maana mbegu nyingi huharibikia hapo. Kisu kikizama hadi katikati kinazipasua. Chanja boga kulizunguka lote, kina kisizidi unene wa nyama, kisha lipasue kwa mikono. Kwangua kwa kijiko cha chuma, lakini usichimbe nyama. Vipande vyake ndivyo vinavyosumbua baadaye.

#2
Na msiache zikauke! Nyuzi zikikaukia kwenye mbegu hushika kama gundi. Mimina vyote kwenye bakuli kubwa, maji yapite juu ya mbegu kwa vidole vinne. Mbegu zilizoachia huelea, vipande vingi vya nyama huzama. Zilizobaki shika fungu la nyuzi kwa mkono mmoja, kwa mwingine ibane mbegu karibu na ncha yake iliyochongoka, ndipo iliposhikilia. Inachomoka yenyewe. Kutoa uzi mmojammoja kwenye kila mbegu ni kujichosha bure.

#3
Kama zimeshakauka, loweka nusu saa kwenye maji ya uvuguvugu, kisha endelea kama #2 alivyosema.

#4
Mmesahau ute. Mbegu inaonekana safi lakini bado inateleza. Kwa za kula, chemsha dakika 10: lita 1 ya maji, kijiko kikubwa kimoja cha chumvi. Ute unalegea na chumvi inaingia ndani. Chuja, sugua kwa taulo ya kitambaa. Karatasi ya jikoni inang'ang'ania mbegu na kuichuna ni kazi nyingine. Ziache hadi uso uwe mkavu kabisa kabla ya kuoka. Zikiingia na maji zinapikwa kwa mvuke, ganda linabaki gumu kutafuna. Oveni nyuzi joto 160, safu moja, dakika 20 hivi, geuza katikati.

#5
Za kupanda msichemshe kamwe, wala msizikaushe kwa oveni. Boga likae wiki 3 au zaidi baada ya kuvunwa ndipo lifunguliwe, mbegu zimalizie kukomaa humo. Osha kwa maji ya kawaida, anika kivulini penye hewa, geuza kila siku. Ikunje mbegu moja: ikipinda, bado, ikikatika kwa mlio, tayari. Ukiiweka kwenye chupa kabla ya hapo, itaota ukungu.

Halafu msitupe mbegu kwa sababu tu inaelea. Mbegu nzima ya boga nayo huelea, kwa kuwa ndani ya ganda kuna hewa. Ibonyeze kwa vidole: isiyo na kiini inabonyea, yenye kiini inakaza.

#6
Naongezea kwa #5. Zikikauka, utando mwembamba unaong'aa hubanduka kama ngozi ya kitunguu. Si ugonjwa. Zisugue kwa viganja na upepete.