Mjadala: Paul Robeson alidanganywa, au alijua anachokifanya?

Mleta mada:
Wakuu, habari za jioni. Kuna jambo hunikera kila nikisoma sifa za Paul Robeson, yule mwimbaji na mwigizaji mweusi wa Marekani, leo nalileta tulichambue.

Wasifu wake wengi mnaujua. Mtoto wa mchungaji aliyetoroka utumwani, kazaliwa Princeton 1898, kasoma sheria Chuo Kikuu cha Columbia, kisha akaitupa na kupanda jukwaani. Mwaka 1930 alimcheza Othello wa Shakespeare jukwaani London, enzi ambazo jenerali huyo mweusi kwa kawaida alichezwa na Mzungu aliyejipaka rangi. Mwaka 1943 akamcheza tena Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York, maonyesho 296, na mpaka leo hakuna tamthilia ya Shakespeare iliyokaa pale muda mrefu hivyo. Hapo sina ugomvi naye.

Ugomvi wangu ni Sanders of the River, filamu ya Uingereza ya 1935. Robeson ni Bosambo, chifu wa ngozi ya chui, kifua wazi, sauti ya kutetemesha kiti ulichokalia, na kazi yake kubwa ni kumtii na kumsifu "Bwana Sandi", yaani Sanders, mtawala wa Kiingereza. Filamu yenyewe inaanza na maandishi ya kuwatukuza Wazungu wachache wanaotawala mamilioni ya wenyeji. Mtazame mbele ya yule bwana: pande la mtu, mwanasheria, aliyewahi kuwa nyota wa mpira wa Kimarekani, anajibu kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.

Utetezi wake ulikuwa kwamba mambo ya kusifu ukoloni yaliingizwa siku za mwisho za kurekodi. Jamani! Hadithi za huyo Sanders zilianza kuchapishwa kitabu 1911, na hazikuficha zinampamba nani. Tena 1934 Robeson alikuwa anasoma lugha za Kiafrika London, Kiswahili kikiwemo. Mtu wa namna hiyo hadanganyiki kirahisi. Nadhani alicheza kamari: kwamba sauti yake na zile ngoma halisi zilizopigwa picha Afrika vingelifunika jina la Sandi. Akaliwa. Kumwita aliyedanganywa ni kumfanya mtoto, na hiyo ndiyo kazi aliyoifanya Sandi.

Mchangiaji wa Nairobi:
Ndugu, umeruka kitu. Kati ya Waafrika waliokodiwa kujaza kile kijiji cha bandia studioni alikuwamo Jomo Kenyatta. Alikuwa London, mfuko umetoboka, akachukua hela. Mbona hatumsimangi Mzee?

Mleta mada:
Kenyatta hakuwa kwenye bango. Watu hawakukata tiketi kumwona yeye. Ukubwa wa jina ndio ukubwa wa deni, na Marcus Garvey, yule mtetezi maarufu wa watu weusi aliyekuwa London wakati huo, alimchapa Robeson kwa maandishi bila huruma.

Mchangiaji mwingine:
Serikali yake ilimnyang'anya pasipoti 1950, akaipata 1958. Miaka minane amefungiwa ndani ya nchi kwa sababu ya msimamo wake wa kisiasa, halafu wewe unamdai filamu ya 1935? Wabongo kwa kufukua makaburi!

Mleta mada:
Hayo ni ya mwanasiasa. Hapa namjadili mwigizaji.

Mchangiaji aliyewahi kuigiza:
Basi ngoja niseme ya mwigizaji. Ukishasaini, mkasi wa kukata na kupanga picha ni wa mwenye pesa. Mimi niliwahi kurekodi kipande cha kulia msiba wa mama, nikalia kweli, makamasi na yote. Filamu kutoka, kumbe nalilia mume wa mtu! Hata kijijini watu waliniuliza. Kwa hiyo Robeson akisema yale yaliongezwa mwishoni, mimi namwelewa.

Halafu angalia alichofanya baadaye. Kwenye Song of Freedom, 1936, alidai haki ya kuipitisha filamu kabla haijatoka. Mtu hadai hivyo kama hajaungua. Na 1942, kwenye Tales of Manhattan, alipoona tena weusi maskini wanachorwa kama watu wa kushukuru hela zilizodondoka kutoka angani, aliilaani hadharani na kuachana na Hollywood. Ana miaka 44, sauti ipo, jina lipo.

Mleta mada:
Hiyo ya 1936 nakubali, na inanisaidia mimi: kumbe alijua mkasi unafanya nini. Ila ya 1942 inanichanganya. Miaka saba baadaye anaingia mtego uleule?

Mchangiaji aliyewahi kuigiza:
Anaingia kwa sababu filamu ina mkasi, jukwaa halina. Chukua wimbo wake maarufu, Ol' Man River. Ulivyoandikwa, mwimbaji ni mtu aliyechoka kuishi na anaogopa kufa. Robeson akayageuza maneno kwenye matamasha yake, akawa anaimba kwamba ataendelea kupigana mpaka afe. Hakumwomba mtu ruhusa, na hakuna aliyeweza kumkata katikati ya ubeti.