FUNDI WA RANGI AMENIPAKIA TINGA KIJANI HALAFU ATI NIONGEZE PESA!!!

BintiWaTinga:
Wadau naandika hii mikono ikitetemeka, nimetoka kwake sasa hivi, hata kiatu sijavua. Jina sitaji na hakuna haja, mnamjua. Yule wa rangi. Yule akishapokea depositi simu yake inakufa kifo cha ghafla. Kila mtu hapa ashalizwa na huyo mtu ama ako na shangazi aliyelizwa.

Niko na tinga ndogo, John Deere 110, si zile kubwa za ngano za Narok, hii ni ya bustani, unakaa juu unakata nyasi. Ililetwa na Mmarekani mmoja huko Karen, mzee wangu ndiye alikuwa anaiendesha na kuifanyia sarvis miaka yote, na yule mtu akifunga virago kurudi kwao akamwachia. Sasa skizeni vizuri. Kati ya 1969 na 1971 John Deere walitoa tinga za bustani zenye mwili mweupe, halafu boneti na kiti unajichagulia rangi: manjano, nyekundu, bluu ama chungwa. KIWANDANI. Horicon, Wisconsin. Watu hawakuzinunua sana, kampuni ikaacha kuzitengeneza, ndio maana leo kuipata moja ni bahati. Yangu ni nyeupe na chungwa, Sunset Orange ndio jina la hiyo rangi, na mzee hakuwahi kuigusa na brashi.

Huyo mtu nilimpatia kila kitu. Mkebe wa chungwa, nilienda kuchanganyiwa Industrial Area nikiwa nimebeba boneti yenyewe wapime rangi kwa upande wa ndani ambako jua halijafika. Mkebe wa nyeupe. Praima. Msasa. Masking tepu. Nikamtumia picha, nikamtumia voisi, nikamwandikia na maka pen juu ya chuma, BONETI CHUNGWA, MWILI NYEUPE.

Leo naenda kuchukua. KIJANI. Yote. Na si hata ile kijani ya John Deere, ni kijani ya kibanda cha M-Pesa. Boneti kijani, mwili kijani, kiti kijani, KITI jamani, plastiki ya kukalia imepulizwa rangi, belti kijani, plagi kijani, sahani ya namba ya kiwanda kijani hadi namba haisomeki. Nzi angetua hapo angeenda nyumbani kijani.

Nikamuuliza hii ni nini. Hakuniangalia hata. Akamwangalia kijana wa boda amesimama hapo, akamwambia YEYE, "John Deere ni kijani, si hata mtoto anajua." Halafu ndio akanigeukia: "Madam nimekusahihishia, hiyo ya chungwa ilikuwa feki. Ongeza elfu mbili."

Nimekusahihishia. Elfu mbili. Mimi nimekulia juu ya hiyo tinga.

Spana13:
Huyo ako na bampa yangu tangu Kibaki akiwa Ikulu. Pole dada.

MtuWaPipeline:
Si uweke tila hapo tukuje kutoa pesa 😂😂

BintiWaTinga:
@MtuWaPipeline cheka tu. Angekuambia wewe amekusahihishia ungekuwa unacheka? Na hakuniambia mimi, alimwambia mtu wa boda! Kama mimi ni ndoo tu imewekwa hapo!

Kaunda_Suti:
Nimeona tinga nikadhani ni siasa, nikakumbuka NDP ya 1997, kile chama cha Raila cha alama ya tinga, nikakuja mbio. Kumbe ni nyasi.

Msasa80:
Dada tulia kwanza. Kwaruza kidogo na ukucha mahali hapaonekani, chini ya boneti pale pembeni. Ikibanduka ujue hakupiga msasa wala hakuosha mafuta, amepuliza juu ya uchafu tu, na hapo uvivu wake umekuokoa. Halafu kuna kitu ya maana kuliko rangi, hiyo injini ni Kohler ya silinda moja, haina rejeta, inapozwa na hewa. Angalia zile fini za silinda, yale mapezi ya chuma ya kupitisha hewa, chini ya kava. Kama amezijaza rangi nzito toa yote kabla hujaiwasha, joto halitapata pa kutokea.

BintiWaTinga:
@Msasa80 asante ndugu yangu, wewe ndio mtu wa kwanza kunijibu kama binadamu. NIMEKWARUZA. Chungwa iko!!! Ile ya kiwanda, iko chini hapo imelala. Hakupiga msasa hata kidogo. Praima yangu sijui ilienda wapi. Fini zimejaa. Na stata haishiki, inafanya tik halafu kimya, na niliipeleka kwake ikiwa inawaka freshi.

Msasa80:
Hiyo ni athi, njia ya umeme kurudi kwa betri. Amepulizia pale waya ya athi ya betri inafungwa kwa chasi, na rangi haipitishi umeme. Fungua hiyo nati, kwaruza hadi uone chuma nyeupe, paka grisi kidogo juu, rudisha. Kwa hizo tinga stata ndio jenereta pia, inavuta na belti, sasa hiyo belti iliyopakwa kijani itateleza tu. Nunua ingine. Na kama pointi, vile vichuma vya kukata umeme wa plagi, zimeingia vumbi la rangi zisafishe uweke nafasi ya nusu milimita kati yake.

MzeeWaGrogan:
Ongeza hapo oili. SAE 30 tupu, na kitabu cha hiyo Kohler kinasema umwage kila masaa 25 ya kazi. Vijana wa siku hizi wanaweka oili ya gari wanangoja ikauke.

Nyuki_Mkali:
Samahani naomba kuuliza tu. Lakini John Deere si ni kijani kweli?

BintiWaTinga:
@Nyuki_Mkali WEWE NDIO UMETUMWA NA YEYE? Nimeandika hapo juu 1969 hadi 1971! Hata kama ingekuwa ni ya pinki, tinga ni ya nani? Picha alikuwa nayo! Voisi alikuwa nayo! Mkebe wa chungwa alikuwa nao! Halafu ananiambia feki, mbele ya watu, na mkono umenyooshwa wa elfu mbili. Huo mkono sitausahau hadi niende kaburini.

Nyuki_Mkali:
Nimeuliza tu 😭

Spana13:
Sasa huo mkebe wa chungwa uko wapi?

BintiWaTinga:
@Spana13 afadhali umeuliza. Ile boda ya yule kijana. Yule yule alikuwa anaambiwa John Deere ni kijani. Tanki CHUNGWA. Madgadi CHUNGWA. Inang'aa hadi unaweza kujipaka lipstiki ukijiangalia. Kumbe anajua kupaka! Kumbe msasa anaujua! Kazi safi kabisa, rangi yangu, praima yangu, kwa boda ya mtu mwingine, halafu mimi ndio nasahihishwa!

MtuWaPipeline:
Haki nimemwaga chai kwa kibodi 😂😂😂 amesponsa boda na depositi yako

Kaunda_Suti:
Lakini tuseme ukweli, fundi wa Nairobi unamwachia gari na mkebe uende nyumbani? Unakaa hapo kwa stuli kutoka asubuhi. Unakula githeri na yeye. Akienda choo unamsindikiza.

BintiWaTinga:
@Kaunda_Suti mimi niko na kazi. Nikienda kliniki sikai kwa kichwa ya daktari. Mtu akisema ni fundi awe fundi.

RangiMbili:
Alitumia duko, ile ya kuchanganya na thina tu, ama tuu-pak, ile ya kuchanganya na hadna ya kuikomaza? Ikinuka thina tu na ilikauka haraka ni duko. Na mwezi huu wa baridi na manyunyu, duko ikipulizwa nje inaingia unyevu inakuwa na ukungu mweupe. Angalia kama kuna mahali kumefifia.

BintiWaTinga:
@RangiMbili iko na ukungu boneti nzima.

RangiMbili:
Basi ni duko. Habari njema, duko haikomai, ukiiguza na thina inayeyuka tena. Chukua kitambaa, thina kidogo, futa polepole. Ya kiwanda chini ni ngumu zaidi lakini usiamini sana, jaribu mahali padogo ndani kwanza, na ukiona kitambaa kinaanza kushika chungwa wacha hapo hapo. Hiyo sahani ya namba usiikaribie na msasa wala brashi ya waya, futa na pamba tu. Grainda usiguze kabisa, bati ya boneti itapinda. Ukishafika chini osha mafuta yote, msasa 180 halafu 320, praima, ndio upulize tuu-pak.

MzeeWaGrogan:
Tuu-pak bila maski ya maana ni kujiua. Hiyo hadna inaingia kwa mapafu. Hawa vijana wanafunga leso kwa mdomo wanasema wako sawa. Sisi zamani tulikuwa tunapaka duko na gari inakaa miaka ishirini.

RangiMbili:
Mzee miaka ishirini ya kupauka? Duko haipendi jua wala petroli, ukimwaga kidogo ukijaza tanki alama inabaki.

MzeeWaGrogan:
Wewe ulizaliwa lini?

RangiMbili:
Heshima yako mzee lakini umri hauchanganyi rangi.

Sindano_na_Uzi:
Nyinyi mko na tinga mimi niko na harusi. Fundi wangu wa nguo nimempatia kitenge cha wasimamizi sita, amenirudishia gauni nne na mito miwili. MITO. Ati kitambaa kilibaki akaona asikitupe.

Spana13:
Mito miwili 😂 kwani alikata gauni za watoto?

Sindano_na_Uzi:
Na harusi ni Jumamosi!! Wasimamizi wawili wamevaa nini sasa, foronya?

BintiWaTinga:
Pole sana mama lakini tafadhali turudi kwa hii kitu, nauliza kuna mtu ashawahi kumpeleka kwa chifu? Maana elfu mbili silipi, na nataka mkebe wangu, na nataka aje mbele ya watu aseme kwa mdomo wake mwenyewe kwamba 110 ya chungwa si feki. Na aangalie MIMI akisema, si mtu wa boda.

Kaunda_Suti:
@Sindano_na_Uzi huyo ni yule wa Gikomba wa mlango wa bluu? Kama ni yeye, alinishonea suruali mfuko mmoja uko nyuma ya goti.

Sindano_na_Uzi:
HUYO HUYO!!!

MtuWaPipeline:
Mfuko wa goti ni wa kuficha nauli kwa matatu, mshukuru.

Nyuki_Mkali:
Mimi fundi wa sofa alibadilisha kitambaa vizuri kabisa, kukaa nasikia kitu inanidunga, kufungua nakuta ameacha makasi ndani. Kumpigia anasema asante kwa kuyapata, alikuwa ameyatafuta sana.

Spana13:
@Nyuki_Mkali 😂😂😂 alikuja kuyachukua?

Nyuki_Mkali:
Alikuja. Na akaomba nauli.

MzeeWaGrogan:
Nilikuwa nasema duko.

BintiWaTinga:
Wadau chifu. Nimeuliza juu ya chifu.

Msasa80:
@BintiWaTinga wachana na chifu, niko na bunduki ya kupulizia rangi na kompresa ndogo hapa Kariobangi Light Industries. Leta hiyo tinga wiki hii, thina utanunua wewe, tutaifuta pamoja nikikuonyesha. Maliza kwanza mambo ya athi iwake.

BintiWaTinga:
@Msasa80 nakutumia inboksi sasa hivi. Lakini nakaa hapo kwa stuli, nikwambie mapema.

Sindano_na_Uzi:
Kuna mtu anajua fundi wa nguo wa haraka Eastleigh ama Umoja, yeyote, nalipa wa dharura?

Kaunda_Suti:
Umoja kuna mmoja mzuri lakini wiki hii ako mazishi.

Sindano_na_Uzi:
Wiki iliyopita pia alikuwa mazishi.

MtuWaPipeline:
Na friji? Kuna fundi wa friji Pipeline ama Donholm? Yangu inachemsha maziwa.